Kalewa, Mirambo, Milambo: Jina la Kambi ya Jeshi na Kumbukumbu za Nchi ya Dhahabu



Taaluma ya majina katika Kiswahili imejishughulisha sana na majina ya watu na kwa kiasi fulani na majina ya vijiji, mito na mitaa. Majina ya kambi za jeshi yameachwa kando. Sababu haihitaji utafiti: kambi ni mahali ambapo mtu wa kawaida haingii, na mtafiti mwenye daftari huulizwa maswali mengi kuliko anayouliza yeye. Lakini jina la kambi halifungiwi ndani ya ua. Hutajwa na kondakta wa basi, huandikwa katika barua za nyumbani, na hukaa katika usemi wa raia miaka mingi baada ya askari waliolizoea kustaafu. Tena ni miongoni mwa majina machache ambayo hutolewa kwa amri na kufutwa kwa amri. Kwa mintarafu hiyo, linatupa nafasi ya kuona nini hutokea pale dola inapojaribu kukumbuka jambo kwa niaba ya watu wake.

Mhadhara huu umetangazwa kuwa unahusu Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Kambi nitakayoishughulikia zaidi, hata hivyo, iko Tabora. Sioni kwamba hiyo ni kwenda nje ya mada. Wakati wa Waingereza, Kahama ilitawaliwa kama sehemu ya Jimbo la Magharibi, makao yake makuu yakiwa Tabora. Kijana wa huko aliyetaka shule kubwa, reli au jeshi alielekea kusini. Na jina ambalo kambi hiyo inalo leo ni la mtu ambaye majeshi yake yalivuka nchi ya Kahama na kufika mipakani mwa Usukuma. Wazee wa pande hizo wana haki ya kusikilizwa juu ya jina hilo sawasawa na wazee wa Tabora.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, vikosi vyake viwili vya King's African Rifles, ambavyo watu wetu waliviita kwa kifupi KAR, viligeuka kuwa Tanganyika Rifles. Kikosi cha kwanza kilikaa Dar es Salaam katika kambi iliyoitwa Colito. Cha pili kilikaa Tabora katika kambi iliyoitwa Kalewa. Majina yote mawili yalikuwa ya vita. Colito ni mahali kusini mwa Ethiopia ambapo tarehe 19 Mei 1941 askari wa KAR kutoka Tanganyika walipigana na Waitalia kando ya mto Billate. Hapo ndipo alipouawa Sajenti Nigel Leakey, aliyerukia vifaru vya adui, na ambaye baadaye alitunukiwa Msalaba wa Victoria. Kalewa iko Burma, kando ya mto Chindwin. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliuteka mji huo tarehe 2 Desemba 1944 baada ya kuteremka bonde la Kabaw katika majira ya mvua, bonde lililojulikana kwa malaria na matope kuliko kwa risasi.

Haya yalikuwa mazoea ya Waingereza. Huko Malawi, kambi ya Mzuzu inaitwa Moyale mpaka leo, kwa vita vya mwaka 1940 vilivyopiganwa mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Jina la vita lilikuwa mali ya kikosi, kama bendera. Raia aliyeishi nje ya ua hakuulizwa kama analielewa.

Naomba tusimame kidogo hapa, maana isimu ina jambo la kusema. Colito ni jina ambalo Kiswahili hakina shida nalo katika matamshi: silabi tatu wazi, zote zinazokubalika. Tatizo lake lilikuwa herufi ya kwanza tu, ambayo abjadi yetu haiitumii peke yake. Lilibaki jina tupu, lisilo na maana yoyote masikioni. Kalewa ni habari nyingine. Silabi zake zote ni za Kibantu kamili, mkazo umekaa mahali pake, na mzungumzaji yeyote wa Kiswahili akilisikia husikia sentensi nzima: ka-lewa, yaani fulani amelewa. Sina ushahidi wa utani uliofanywa juu ya jina hili, wala sidai kwamba ndio uliosababisha libadilishwe. Ninachosema ni kwamba jina lililokusudiwa kubeba heshima ya waliokufa Burma liliingia katika lugha ambayo tayari ilikuwa na kazi nyingine kwa silabi zilezile. Aliyelichagua hakuwa na sikio la Kiswahili. Ni kosa la kawaida la wapangaji majina, na halikukoma na ukoloni.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Madai yao yanajulikana: mishahara, na maofisa wa Kiingereza waliokuwa bado wakiongoza jeshi la nchi huru. Siku iliyofuata, tarehe 21, askari wa Kalewa wakafuata, kisha Nachingwea. Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza, kwa ombi la Serikali ya Tanganyika, walishuka Colito na maasi yakamalizwa; wenzao wa Tabora na Nachingwea nao walinyang'anywa silaha. Jeshi lenyewe lilichapisha kitabu juu ya mkasa huo mwaka 1993, nacho kinafaa kusomwa na mwanafunzi wa historia kwa namna jeshi linavyosimulia aibu yake.

Kilichoundwa badala ya Tanganyika Rifles ni Jeshi la Wananchi, tarehe 1 Septemba 1964. Kwa njia ya pembeni niseme kwamba jeshi hili ni kubwa kwa umri kuliko neno Tanzania, ambalo lilitangazwa tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Nomino wananchi ndani ya jina la jeshi ilikuwa jibu la moja kwa moja kwa neno Rifles, yaani bunduki: jeshi la kwanza lilijiita kwa silaha yake, la pili kwa watu wake. Katika hali hiyo ya kuanza upya, Colito ikawa Lugalo na Kalewa ikawa Mirambo.

Badiliko la kwanza lilikuwa la akili sana. Lugalo ni mahali karibu na Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Wajerumani na kumuua kiongozi wake, Emil von Zelewski, ambaye Waswahili walimpachika jina la Nyundo. Kwa hiyo jina la vita lilipokewa na jina la vita, mahali pakapokewa na mahali, silabi tatu zikapokewa na silabi tatu. Aliyepanga aliuhifadhi muundo wa jina na kuugeuza upande wa bunduki. Leo hii mkazi wa Dar es Salaam akisema ndugu yake amelazwa Lugalo, haiwazi Iringa wala Mkwawa. Anaiwaza hospitali ya jeshi. Hivyo ndivyo majina yanavyofanya kazi, nasi hatuna sababu ya kulalamika.

Badiliko la pili lina ugumu wake, na huo ndio ulionileta hapa. Kalewa, jina la mahali na la vita, lilipokewa na jina la mtu. Mtu huchaguliwa pamoja na maadui zake.

Mirambo, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtyela, alikuwa mtemi katika nchi ya Uyowa aliyejenga dola kubwa yenye makao yake Urambo, na akafariki tarehe 2 Desemba 1884. (Msikilizaji makini atakuwa ameona kwamba Kalewa ilitekwa tarehe na mwezi huohuo, miaka 60 baadaye. Ni sadfa tu.) Kuanzia mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya misafara ya Ujiji, na Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu mwaka huo, alikuja baadaye kumfananisha na Bonaparte. Kwa dola changa ya miaka ya 1960 iliyokuwa ikitafuta mashujaa wake yenyewe, huyu alikuwa na kila sifa: mpiganaji, mratibu wa dola, mtu aliyekataa kutozwa na wageni.

Lakini Waarabu wa Tabora hawakuwa peke yao. Walikuwa na ushirika na watemi wa Unyanyembe, na mji wa Tabora umekaa katika ardhi ya Unyanyembe. Mirambo alikuwa adui wa Unyanyembe maisha yake yote ya utawala. Isike, mtemi wa Unyanyembe, ndiye aliyepigana na Wajerumani hapo Tabora mpaka ngome yake ilipoangushwa Januari 1893 na yeye kufa ndani yake. Mirambo hakuwahi kupigana na Mjerumani, alikwisha kufa. Hivyo basi, kambi kubwa ya jeshi la taifa huru, katika ardhi ya mtemi aliyekufa akiwapinga wakoloni, ilipewa jina la adui wa utemi huo. Sisemi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Nasema kwamba ulikuwa uamuzi, na kwamba vitabu vyetu vya shule, ambavyo huwapanga Mkwawa, Isike na Mirambo katika mstari mmoja wa mashujaa kana kwamba walifahamiana na kushauriana, vimetusahaulisha kwamba ulikuwapo.

Twende sasa kaskazini. Ukitoka Kahama kuelekea magharibi unafika Ushirombo na Runzewe, katika nchi ambayo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Geita, ndipo Bukombe na Mbogwe zikahamishiwa huko. Wangoni wanaoitwa Watuta, tawi la watu waliotoka kusini pamoja na Zwangendaba, walifanya maskani yao Runzewe katikati ya karne ya 19. Masimulizi yanasema Mirambo alikaa miongoni mwa Wangoni katika ujana wake, na ni kwao alikojifunza vita vya kushtukiza na namna ya kuwapanga vijana wasio na ukoo wa kuwazuia. Vijana hao ndio rugaruga. Neno hili lingestahili mhadhara wake lenyewe. Lilianza kama jina la wapiganaji wa watemi wa magharibi, likachukuliwa na Wajerumani kuwataja askari wao wa msaada katika Vita Kuu ya Kwanza, na katika Kiswahili cha pwani likabaki na harufu ya uporaji. Askari na rugaruga ni maneno mawili ambayo historia imeyapa vyeo tofauti: la kwanza liliingia katika orodha ya mishahara, la pili likabaki nje.

Katika nchi za Kahama na Usukuma kusini, kumbukumbu ya zama hizo si ya ushujaa pekee. Vijiji vilivyozungushiwa minyaa na miiba, ambavyo wasafiri wa karne ya 19 walivieleza, havikujengwa kwa ajili ya mapambo. Vilijengwa kwa sababu kulikuwa na watu wa kuogopwa, na Watuta na rugaruga walikuwamo katika orodha. Na jina lenyewe Mirambo, ambalo ni jina la vita na si la kuzaliwa, huelezwa kuwa maana yake ni maiti, kwa wingi. Fikirini basi juu ya askari kijana kutoka Bukombe, aliyelelewa na bibi mwenye masimulizi yake, anayeandika katika bahasha jina la kambi yake. Kwa taifa ni jina la shujaa. Kwa bibi ni jina la yule aliyefanya watu wajifungie ndani ya minyaa. Sioni kwamba mmoja wao amekosea.

Nimesema Mirambo muda wote huu, kwa r. Huko kwenyewe hawasemi hivyo. Kinyamwezi na Kisukuma havitofautishi fonimu mbili, /l/ na /r/, na maandishi ya lugha hizo hutumia l. Atakaye kuhakiki aanze na sarufi ya Kinyamwezi ya Maganga na Schadeberg iliyotoka mwaka 1992. Herufi r katika jina hili ilitoka katika kalamu za watu wa pwani na za Wazungu waliowafuata. Ndiyo maana Tabora ina shule ya sekondari iitwayo Milambo na kambi ya jeshi iandikwayo Mirambo, na wapo waandikao Milambo hata kwa kambi. Hali ni hiyohiyo kwa Runzewe na Lunzewe.

Kwa mtu asiye mwanaisimu hili laweza kuonekana dogo. Walimu waliofundisha Kiswahili Shinyanga wanajua kwamba si dogo. Mtoto wa Kisukuma anayesema anakwenda kupiga kula badala ya kura huchekwa darasani, na kicheko hicho humfuata mpaka chuo kikuu, mpaka kwenye usaili wa kazi. Huyohuyo akilitamka jina la mtemi, hulitamka jinsi watu wa mtemi walivyolitamka. Anayemcheka ndiye anayelitamka kigeni. Sipendekezi kibao cha kambi kibadilishwe. Tahajia rasmi ina faida zake na imekwisha kaa. Napendekeza tu kwamba mwalimu anayemsahihisha mtoto huyo ajue anachosahihisha.

Mjadala wa majina ya kambi si wetu peke yetu. Huko Marekani, kambi kubwa ya North Carolina iliyoanzishwa mwaka 1918 ilipewa jina la Braxton Bragg, jenerali aliyepigana upande wa majimbo yaliyotaka kubaki na utumwa. Juni 2023 iliitwa Fort Liberty. Februari 2025 jina Fort Bragg lilirudishwa, lakini safari hii ikatangazwa kwamba anayeheshimiwa ni Bragg mwingine, Roland Bragg, askari wa cheo cha chini wa Vita Kuu ya Pili. Sauti zilezile, herufi zilezile, kirejelewa kipya. Katika darasa la semantiki nisingeweza kubuni mfano bora zaidi wa tofauti kati ya umbo la nomino ya pekee na kitu inachokirejelea. Aidha, unaonyesha kwamba askari waliotumikia mahali hujali zaidi sauti waliyoizoea kuliko mtu aliyekusudiwa, na kwamba wanasiasa wanalijua hilo.

Jeshi letu nalo lina njia ya kuukwepa ugomvi huo: namba. Kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Msange, mkoani Tabora, huandikwa 823 KJ, yaani kikosi cha jeshi. Namba haina adui wala bibi wa kumsimulia mtu. Lakini haina mshiko pia. Waliopita huko husema walikuwa Msange.

Mtu aliyezoea ukanda wa dhahabu ataniuliza mbona migodi imefanya kinyume. Swali hilo ni zuri. Mgodi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, umekuwa chini ya Barrick, kisha African Barrick Gold kuanzia 2010, kisha Acacia kuanzia 2014, kisha Barrick tena kuanzia 2019 pamoja na Serikali katika kampuni ya Twiga. Mwenye mali alibadilisha jina mara kwa mara. Mahali hapakubadilishwa jina. Buzwagi ilifunguliwa mwaka 2009 na uzalishaji ukakoma mwaka 2021 na jina bado ni Buzwagi. Kule Mwadui, ambako Dakta Williamson aligundua almasi mwaka 1940, nyaraka za kampuni zinasema Williamson na watu wa Shinyanga wanasema Mwadui. Mwekezaji huona jina la Kisukuma kuwa anwani tu, hivyo huliacha. Jeshi huona jina kuwa fundisho, hivyo hulichagua. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: lugha za wenyeji zimehifadhiwa vizuri zaidi katika taarifa za masoko ya hisa kuliko katika vibao vya dola. Wala tusimshukuru mwekezaji kwa hilo. Wachimbaji wadogo waliofukuzwa Bulyanhulu mwaka 1996 wangekubali jina libadilishwe kama wangeachiwa mashimo.

Nirudi Kalewa, kwa kuwa sijamaliza nayo. Lilipofutwa jina hilo, lilifutwa kama mabaki ya ukoloni, na lilikuwa hivyo. Waliolitoa ni Waingereza, kwa utukufu wa majeshi ya mfalme wao. Lakini waliokufa katika bonde la Kabaw hawakuwa Waingereza pekee. Walikuwa pia Wanyamwezi, Wasukuma, Wahehe, Wangoni, Wakuria, na lugha waliyoamriana na kuzikana kwayo ilikuwa Kiswahili. Kwenye makaburi ya vita ya Taukkyan, nje ya mji wa Yangon, lipo jengo la kumbukumbu lenye majina ya askari karibu 27,000 wasio na kaburi linalojulikana, na askari wa Afrika Mashariki wamo. Tabora ilikuwa na neno moja lililoelekeza huko. Colito ilipobadilishwa, vita vilipokewa na vita na hesabu ikawa sawa. Kalewa ilipobadilishwa, waliokufa mbali walipokewa na mtemi aliyekufa nyumbani miaka 60 kabla yao, na hakuna kambi nyingine niijuayo nchini iliyochukua jina lile.

Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wasiende Taukkyan. Nauli ni kubwa. Waende Kahama, Ushirombo, Runzewe na Nyarugusu, na wawatafute watoto na wajukuu wa waliopitia kambi ile kabla ya 1964. Waulize walikuwa wakiiitaje nyumbani: Kalewa, au jina jingine ambalo halikuandikwa mahali popote. Na wayaandike majibu kama yalivyotamkwa, pamoja na l zake.